Duka la Kosha

Lomayani, mchora mabango, aliandika alichosikia:
DUKA LA KOSHA, herufi za buluu, kona ya Sakina,
na kesho yake alfajiri pikipiki tatu
zilikuwa foleni mlangoni, matope hadi kwenye taa.
"Kosha shilingi ngapi, mzee?"
Mzee Saadia akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.
"Hapa tunauza chakula."
"Sasa mbona umeandika kosha?"

Mimi huenda Alhamisi, siku ya basi la Nairobi,
nyama ikishuka imeganda kama jiwe la Mto Themi,
imefungwa, imepigwa muhuri, imefungwa tena.
Pale nimejifunza kusoma kopo upande wa nyuma,
maandishi madogo kama mayai ya chawa,
kutafuta alama iliyojibanza kati ya chumvi na sukari.
Friji ya maziwa imeipa kisogo friji ya nyama,
kama mawifi waliogombana msibani.
Aikande wa kaunta ana vikapu viwili,
na ole wako uchanganye jibini na soseji:
atakutazama mpaka uone haya
kwa dhambi isiyo ya dini yako.

Sato anaruhusiwa, ana magamba ya kuonyesha.
Kambare, masikini, na masharubu yake yote,
hajawahi kuvuka kizingiti hiki.
Dagaa wa Mwanza walijadiliwa wiki nzima;
Saadia aliwalaza kiganjani, chini ya lenzi,
akatafuta mapezi, akatafuta magamba,
mwisho akawaachia huru
kama hakimu mwenye njaa.

Wayahudi wenyewe, nimewahesabu, hawajazi Noah moja.
Duka linasimama kwa miguu ya wengine:
Mama Akyoo, Msabato, haamini soseji ya mtu mwingine;
Bi Hodhan hununua jeli ya wajukuu hapa tu,
kisha huiuliza pakiti maswali mawili ya kwake.
Na mimi, Mlutheri wa kitimoto cha Jumamosi,
nafuata nini?
Dengu.
Dengu zao hukosha roho, zimechambuliwa mara tatu.
Marehemu mama alichambua hivyo,
ungo magotini, redio imezimwa,
maana jiwe, alisema, hupita ukisikiliza mengine.

Ijumaa ile umeme ulikatika saa kumi na mbili.
Mwanangu Ombeni ana mtihani Jumatatu.
Nilikimbia na malapa. Mlango wa chuma umeshuka nusu,
naona miguu ya Saadia tu, viatu vimepigwa rangi.
"Mishumaa, mzee. Miwili."
Kimya. Kisha mkono ukatoka chini ya mlango
na mishumaa mirefu, myeupe, ile ya Sabato yao.
Nikanyoosha noti.
Mkono ukarudi ndani kama kichwa cha kobe.
"Kwani jua limeshazama?"
"Bado kidogo. Ila moyo wangu umeshafunga hesabu.
Leta Jumapili."

Usiku ule, ng'ambo ya ua wa michongoma,
dirishani kwake miwili, mezani kwetu miwili.
Ombeni alipambana na hesabu za sehemu.
Nta ilidondoka kwenye daftari,
sikumgombeza.

Jumapili nilipeleka elfu mbili.
Saadia hakuwa dukani. Alikuwa nje, suruali ameikunja,
ndoo, sabuni ya unga, brashi ya viatu,
anasugua rimu ya pikipiki,
na kijana wa bodaboda amekaa juu ya kreti
anakunywa juisi ya zabibu kwa mrija.

"Nimechoka kueleza," akasema, hakuinua macho.
"Kibao kipya ni laki na nusu.
Ndoo ninayo."